Mashine ya Kujumlisha na Mizani ya Pamba: Sura Moja ya Historia ya Hesabu na Haki katika Usukuma

Wanafunzi wa historia ya Kanisa wamezoea kusoma habari za mitaguso, maungamo, wamisionari na maaskofu. Vyombo vya ofisi hawavisomi. Taipureta, sefu ya chuma, mhuri na mashine ya kujumlisha vimetumika katika ofisi za serikali, za biashara na za Kanisa kwa vizazi kadhaa, na hata hivyo havina mahali katika mihadhara yetu. Katika makala hii tunakusudia kuchukua kimoja tu kati ya hivyo, yaani mashine ya kujumlisha ya kale, ile ya chuma yenye mkono wa kuvuta, isiyohitaji umeme wala betri.

Tunazo sababu mbili za kufanya hivyo. Kwanza, historia ya mashine hii inapita, kwa namna ambayo wengi hawaitazamii, katika nyumba za wachungaji wa Kilutheri. Pili, sisi tunaoishi Shinyanga, katika nchi ya pamba na almasi, jirani na dhahabu ya Geita, tuna historia yetu wenyewe ya hesabu, na historia hiyo si ya furaha tupu. Tutaanza na chombo chenyewe, kisha tutakwenda Ulaya na Marekani kutafuta asili yake, ndipo tutakaporudi Usukuma, kwenye mizani ya pamba, ambako ndiko tunakolenga tangu mwanzo.

Mashine moja ya aina hii tulionyeshwa hapa Kambarage, mjini Shinyanga, katika stoo ya ofisi ambayo wenyewe wamekwisha kuhama. Ni kasha zito jeusi, si mzigo wa kijana mmoja. Juu yake kuna safu za vitufe, na kila safu ina tarakimu kuanzia 1 hadi 9. Sifuri haina kitufe: safu isiyobonyezwa huhesabiwa kuwa sifuri. Karani hubonyeza tarakimu za kiasi anachotaka, kila moja katika safu yake, kisha huvuta mkono ulio upande wa kulia. Ndani, magurudumu yenye meno huzunguka kwa kadiri ya tarakimu zilizobonyezwa. Gurudumu likipita tisa, humsukuma jirani yake wa kushoto hatua moja, kama mwalimu wa darasa la pili anavyofundisha watoto kupeleka kumi mbele. Wakati huohuo kiasi kilichoingizwa huchapwa juu ya utepe wa karatasi. Mwishoni karani hubonyeza kitufe cha jumla, huvuta tena, na jumla huchapwa chini ya orodha yote. Utepe huo wa karatasi ni jambo kubwa kuliko linavyoonekana, nasi tutaurudia.

Kutoka madhabahuni hadi mezani pa karani

Mtu wa kwanza anayejulikana kubuni mashine ya kujumlisha alikuwa mwalimu wa Kiebrania. Wilhelm Schickard alizaliwa mwaka 1592 huko Herrenberg, katika Württemberg, akasoma Tübingen, kisha akatumika Nürtingen kama shemasi, cheo ambacho katika kanisa la nchi ile kilikuwa cha mchungaji msaidizi. Mwaka 1619 aliitwa kufundisha Kiebrania katika Chuo Kikuu cha Tübingen. Wanafunzi wetu wanaohangaika na vitenzi vya Kiebrania watapenda kujua kwamba Schickard aliwahurumia wenzao wa karne ya 17. Alitengeneza kifaa cha visahani viwili vinavyozunguka, ambacho mwanafunzi alikigeuza ili kuona mnyambuliko wa kitenzi, na mwaka 1623 alitoa kitabu cha sarufi kilichogawanywa katika masomo ishirini na manne, moja kwa kila saa ya siku nzima. Mtu aliyekwisha kuweka sarufi juu ya magurudumu hakuwa mbali na kuweka hesabu juu ya magurudumu.

Mwaka huohuo wa 1623 alimwandikia rafiki yake Johannes Kepler kwamba amefanya kwa mashine yale ambayo Kepler alikuwa akiyafanya kwa kichwa na kalamu. Kepler, mnajimu mashuhuri ambaye naye alisoma theolojia Tübingen, alikuwa akizama miaka mingi katika hesabu za mwendo wa sayari. Mashine ya Schickard ilijumlisha na kutoa tarakimu sita, na kengele ililia pale jumla ilipozidi uwezo wake. Katika barua ya Februari 1624 Schickard alitoa habari mbaya: mashine ya pili, iliyokuwa ikitengenezwa kwa ajili ya Kepler, iliteketea kwa moto usiku katika karakana ya fundi. Baadaye vita vya miaka thelathini vilifika Tübingen, vikafuatwa na tauni, na Schickard akafariki mwaka 1635. Mashine yake haikuonekana tena. Michoro yake ilifukuliwa kati ya karatasi za Kepler katika karne ya 20, na mwaka 1960 mashine ikaundwa upya Tübingen kufuata michoro hiyo, ikafanya kazi.

Wawili hawa walikutana mwaka 1617, Kepler alipokuja Württemberg kwa sababu ya mama yake, Katharina, mwanamke mzee aliyeshitakiwa kuwa ni mchawi. Kesi iliendelea hadi mwaka 1621, mwanawe akimtetea kwa maandishi, na mama akaachiwa, ingawa alifariki mwaka uliofuata. Jambo hili halihusu mashine; lakini msomaji wa Shinyanga, mkoa ambamo vikongwe wameuawa kwa tuhuma za namna hiyohiyo katika siku zetu, hatalipita bila kusimama. Elimu ya nyota na hofu ya uchawi zilikaa katika nyumba moja.

Blaise Pascal wa Ufaransa, ambaye kwa muda mrefu alihesabiwa kuwa wa kwanza, alianza kazi yake mwaka 1642 akiwa kijana asiyetimiza miaka ishirini. Wanafunzi wanamfahamu kwa maandishi yake ya imani. Hapa tunalotaka walikumbuke ni kazi ya baba yake. Mwaka 1639 watu wa Normandie waliasi kwa sababu ya kodi, serikali ikawazima kwa nguvu, na Étienne Pascal akapelekwa Rouen kusimamia ukadiriaji wa kodi. Hesabu zilimchosha usiku na mchana, na kijana akatengeneza mashine ili kumsaidia baba. Kwa hiyo mashine ya Pascal ilizaliwa mezani pa mtoza kodi. Jumla zake zilikuwa sahihi. Kama kodi yenyewe ilikuwa ya haki ni swali ambalo magurudumu hayakuulizwa.

Tunakuja sasa kwa mtu ambaye, kwa maoni yetu, anastahili kujulikana zaidi katika vyuo vyetu kuliko hao wawili. Philipp Matthäus Hahn (1739–1790) alikuwa mchungaji kamili wa usharika, kwanza Onstmettingen, kijiji cha milimani, kisha Kornwestheim, na mwisho Echterdingen. Alikuwa wa uamsho wa Kipietisti, mhubiri mwenye bidii, na fundi. Katika miaka ya 1770 alitengeneza mashine ya kuhesabu yenye umbo la duara, na mkono wa kuzungusha juu yake, ambayo inahesabiwa miongoni mwa za kwanza kufanya kazi kwa kutegemewa. Aliihitaji kwa sababu alikuwa akiunda saa kubwa za anga zilizoonyesha mwendo wa jua, mwezi na sayari, na hesabu za meno ya magurudumu yake zilikuwa nyingi mno kwa kalamu.

Lakini saa moja kubwa ya Hahn ilionyesha zaidi ya sayari. Hahn alimfuata Johann Albrecht Bengel, yule mfafanuzi wa Agano Jipya ambaye wanafunzi wa ufafanuzi hukutana naye, na Bengel alikuwa amekokotoa kutoka Kitabu cha Ufunuo kwamba mwaka 1836 ungekuwa mwaka wa zamu kuu katika historia ya wokovu. Hahn aliiweka mpangilio huo wa nyakati ndani ya chuma na shaba, pamoja na siku na miezi. Sote tunajua kilichotokea mwaka 1836: ulikuja, ukapita kama miaka mingine. Meno ya magurudumu ya Hahn hayakuwa na kosa. Kosa liliingizwa likiwa limekwisha kuwa kosa, nayo mashine ikalizungusha kwa uaminifu.

Huyo ndiye Hahn wa kwanza. Hahn wa pili, ambaye huko Ujerumani anakumbukwa vilevile, ni mtengenezaji wa mizani. Alibuni mizani ya nyumbani ambayo mkono wake huinama na kuonyesha uzito wenyewe, bila kuhitaji mawe ya kupimia. Tunaomba msomaji afikiri kidogo juu ya neno hilo. Katika maduka yetu hadi leo husemwa jiwe la kilo, jiwe la nusu kilo, ingawa ni chuma. Na katika Kiebrania pia, kwenye Kumbukumbu la Torati 25:13 na Mithali 20:10, kinachokatazwa ni kuwa na jiwe na jiwe, moja la kununulia na moja la kuuzia. Mahali palipo na mawe, pana nafasi ya kuwa na mawe ya namna mbili. Mizani isiyo na mawe huifunga nafasi hiyo moja, ijapokuwa hufungua nyingine. Ufundi ambao Hahn na rafiki yake, mwalimu wa shule Philipp Gottfried Schaudt, waliupanda kule Onstmettingen uliota mizizi, na eneo lile la Balingen hadi leo ni eneo la viwanda vya mizani. Mchungaji mmoja, karakana moja: mashine ya kuhesabu na mizani. Vyombo hivyo viwili viliachana baadaye, kimoja kikaenda ofisini na kingine sokoni, na hadithi yetu ya Usukuma ni hadithi ya kutengana kwao.

Yaliyobaki ya safari ya mashine twaweza kuyasema kwa ufupi zaidi. Katika karne ya 19 mashine zilianza kuuzwa kama bidhaa. Mswidi Willgodt Odhner alibuni ya kwake huko St. Petersburg, na baada ya mapinduzi ya Urusi ya 1917 kazi hiyo ilihamia Göteborg. Huko Marekani William Seward Burroughs, aliyekuwa karani wa benki na kuchoshwa na kujumlisha na kutafuta makosa ya kujumlisha, alipata hataza yake mwaka 1888. Mashine zake za mwanzo zilikuwa na ugonjwa mmoja wa ajabu: karani mwenye nguvu akivuta mkono kwa kishindo alipata jumla moja, na mwenzake akivuta polepole alipata nyingine. Burroughs aliutibu kwa kuweka ndani silinda ndogo yenye mafuta, ambayo huupunguza mwendo wa mkono uwe uleule, hata mvutaji awe nani. Alifariki mwaka 1898, na kampuni yake ikahamia Detroit mwaka 1904 na kuwa kubwa kupita zote za aina hiyo.

Silinda ile ya mafuta na utepe wa karatasi, kwa maoni yetu, ndivyo vilivyoifanya mashine iaminike. Silinda iliondoa mkono wa mtu katika jumla. Utepe uliacha ushahidi. Karani aliyejumlisha kwa kichwa alibaki na jumla tu, na mkaguzi alilazimika kuanza upya. Karani wa mashine aliambatisha utepe kwenye leja, na mtu mwingine, siku nyingine, angeweza kuufuata mstari kwa mstari.

Shilingi, senti na ratili

Afrika Mashariki iliipokea mashine hii ikiwa imekwisha kukomaa, pamoja na ofisi yenyewe: boma, benki, reli, mgodi na bohari. Jambo moja liliisaidia ambalo halitajwi mara nyingi. Waingereza kwao walihesabu kwa paundi yenye shilingi 20, na shilingi yenye peni 12, hata mashine zao zikahitaji safu za pekee zinazojua kugeuka penye kumi na mbili na penye ishirini. Pascal alikuwa na taabu hiyohiyo na fedha za Ufaransa. Shilingi ya Afrika Mashariki iliyoanza kutumika mwanzoni mwa miaka ya 1920 ilikuwa na senti 100, kama rupia ya Wajerumani ilivyokuwa na heleri 100 kabla yake. Kwa hiyo mashine ya kawaida ya makumi ilitosha kwa fedha za mkulima, hata ikiwa serikali yenyewe iliandika bajeti zake kwa paundi.

Uzito ulipimwa kwa ratili, na bei ya pamba ilitangazwa kwa senti kwa ratili. Tuchukue mfano wa kubuni ili mwenendo wa kazi uonekane. Mkulima ameleta ratili 87, na bei ni senti 55. Karani huingiza 55 na kuvuta mkono mara saba, huihamisha 55 safu moja kushoto na kuvuta mara nane, kisha huvuta jumla: shilingi 47 na senti 85. Sasa tuseme mizani imesema 82 badala ya 87. Karani hufanya kazi ileile kwa uaminifu uleule, na mashine huchapa shilingi 45 na senti 10. Hakuna mkaguzi atakayeona kosa katika utepe. Shilingi mbili na senti 75 zimebaki upande wa mnunuzi, na wakipita wauzaji mia moja siku hiyo, zitakuwa shilingi 275.

Usukuma kabla na baada ya 1952

Hivyo ndivyo malalamiko ya wakulima wa Jimbo la Ziwa yalivyokuwa baada ya Vita Kuu ya Pili. Pamba ilinunuliwa na wafanyabiashara wenye leseni, wengi wao Wahindi, na bei iliwekwa na serikali kwa msimu. Ni vema kuelewa maana ya jambo hili la pili. Bei inapokuwa imefungwa, mnunuzi anayetaka faida zaidi hawezi kuitafuta katika bei; ataitafuta katika daraja la pamba au katika mizani. Si kila mnunuzi alikuwa mdanganyifu, na hatuna haja ya kuwahukumu Wahindi kama kabila. Lakini mpango wenyewe uliweka majaribu yote mahali pamoja, kwenye chombo ambacho mkulima hakuweza kukisoma. Hatua mojawapo ya mwanzo waliyoichukua wakulima ilikuwa ndogo na ya busara: kupima pamba wenyewe kabla ya kuipeleka kwa mnunuzi, ili waende wakiijua namba.

Martin Luther asingeshangaa. Katika Katekisimo Kubwa ya mwaka 1529, akiieleza amri ya saba, anataja wizi wa sokoni wa vipimo na mizani za uongo, halafu anapanda ngazi hadi kwa wezi wakubwa wanaokaa vitini kwa heshima na ambao hakuna anayewakamata. Wanafunzi huisoma sehemu hiyo haraka wakielekea kwenye sakramenti. Tungependa waisome polepole, na hasa kule kupanda kwake kutoka mizani hadi kiti, kwa maana Usukuma ulipanda ngazi hiyohiyo.

Aliyewaongoza wakulima alikuwa Paul Bomani, aliyezaliwa mwaka 1925, mtoto wa mhubiri wa Kiadventista. Katikati ya miaka ya 1940 alikuwa karani wa hesabu katika kampuni ya almasi ya Williamson, Mwadui, hapa Shinyanga, mgodi ambao Mkanada John Williamson aliuanzisha baada ya kugundua almasi mwaka 1940. Kutoka Mwadui alikwenda Mwanza kuwa katibu wa ushirika wa wafanyabiashara Waafrika. Mwaka 1952 alikiongoza chama cha wakulima wa Jimbo la Ziwa. Akaenda Uingereza kusomea ushirika. Na mwaka 1955 vyama viliungana kuwa shirikisho la vyama vya ushirika la Victoria, lililojulikana kwa herufi VFCU. Kufikia mwisho wa muongo huo shirikisho lilikuwa na zaidi ya vyama vya msingi mia mbili, na pamba ya eneo lote ilipitia mikononi mwake. Lilisifiwa kuwa ushirika mkubwa kuliko wote wa Waafrika barani. Baada ya uhuru, mwaka 1962, karani yule wa zamani wa Mwadui akawa Waziri wa Fedha wa Tanganyika.

Ni halali kuuita huo ushindi, nasi tunauita hivyo. Mizani ilikuwa sasa ya wakulima, na mpimaji alikuwa mtoto wa kijijini. Lakini ushirika mkubwa unahitaji ofisi kubwa. Kijijini palikuwa na katibu wa chama cha msingi mwenye daftari na stakabadhi. Juu yake muungano wa vyama. Juu yake shirikisho. Juu yake bodi ya kuuza pamba. Kila ngazi ilikuwa na gharama, na kila gharama ililipwa kwa makato kutoka bei ya ratili ileile. Katika miaka ya 1960 malalamiko ya mkulima yalihama. Hakuuliza tena kwa nini gunia lake limekuwa jepesi. Aliuliza kwa nini kati ya bei iliyolipwa duniani na bei iliyomfikia kulikuwa na safu ndefu hivyo ya senti ndogondogo, na nani aliyezikubali.

Hapa ndipo somo la mashine linapokuwa gumu. Katika zama za mizani ya uongo, jumla ilikuwa sahihi na namba iliyoingizwa ilikuwa ya uongo. Katika zama za makato, jumla ilikuwa sahihi na namba zilizoingizwa zilikuwa za kweli pia, kila senti ikiwa na jina lake na ngazi yake. Bado mkulima aliona ameibiwa. Wako wanaosema kwamba alikosea kwa sababu hakusoma. Hatukubaliani nao. Mkulima aliyeweza kukagua ng'ombe mia kwa macho jioni moja na kujua ni yupi hakurudi, hakukosa akili ya hesabu. Alikosa kiti katika chumba ambamo safu ya makato ilipangwa.

Mwaka 1966 Rais aliunda kamati maalumu ya kuchunguza vyama vya ushirika na bodi za mazao. Iliyoyaona yanajulikana: wanachama wasioelewa ushirika wao, upungufu wa watumishi wenye ujuzi, ukosefu wa demokrasia katika ngazi ya muungano, na vyama kuingiliwa na siasa. Serikali ikashika uongozi wa VFCU, na mwaka 1968 mahali pake pakawa na Muungano wa Ushirika wa Nyanza. Wengi wameisoma taarifa ile kama taarifa ya uzembe wa makarani. Sisi tunaona kwamba katika mambo hayo manne moja tu ni la ujuzi wa ofisini, na hilo ndilo peke yake ambalo mashine na semina za uhasibu zingeweza kulitibu. Matatu mengine yanahusu nani anayesimama nyuma ya karani na kuutazama utepe.

Yaliyofuata yalikuja kwa amri kutoka juu, mara kwa mara. Mwaka 1976 miungano ya ushirika ilivunjwa, na mamlaka ya zao ikanunua moja kwa moja kutoka vijijini. Sheria ya mwaka 1982 iliirudisha, na Shinyanga ikapata muungano wake, SHIRECU. Mwaka 1994 biashara ya pamba ilifunguliwa, wanunuzi binafsi wakarudi wakiwa na mizani zao, na miungano ya zamani, iliyoelemewa na madeni, haikuweza kushindana nao. Mwaka 2018 serikali iliagiza tena pamba ipitie katika vyama vya msingi. Mzee wa Usukuma aliyezaliwa mwaka 1940 ameuza pamba yake kwa namna tano au sita bila kuhama shamba.

Mashine ya chuma haikuyaona haya yote. Katika miaka ya 1970 vikokotoo vya elektroniki viliimaliza biashara yake duniani kote kwa muda mfupi wa kushangaza. Kampuni ya Facit ya Uswidi, iliyouza mashine za mkono ulimwenguni, ilianguka mwanzoni mwa muongo huo. Kikokotoo kilikuwa chepesi, cha bei nafuu na kimya. Kwa sehemu kubwa kilikuwa pia hakina utepe. Katika sharika nyingi mtunza hazina sasa hujumlisha sadaka kwa simu yake ya mkononi, husoma jumla kwa sauti, na wazee huiandika. Sikukuu ya mavuno inapofika, na waumini wanapoleta pamba, mtama, kuku na mbuzi, mnada hufanyika nje ya kanisa na mizani huazimwa dukani. Tumewahi kukaa katika mabaraza ambamo taarifa ya fedha ilipitishwa kwa makofi kwa sababu ilijumlika. Kwamba ilijumlika ilikuwa kweli.

Huko Geita, ambako mgodi wa wakoloni ulichimba dhahabu kuanzia miaka ya 1930 hadi 1966, na mgodi mkubwa wa sasa ulianza mwaka 2000, swali hili la zamani limepata makao mapya. Mwezi Machi 2019 lilifunguliwa soko la madini mjini Geita, ili wachimbaji wadogo wauze dhahabu yao mahali pa wazi badala ya kuiuza vichakani. Mizani ni ya kielektroniki na kompyuta hupiga hesabu ya bei, ya mrabaha na ya tozo katika nukta moja, bila mkono wa mtu kuvuta chochote. Waumini wetu wanaochimba huko tuliwauliza ni kitu gani wanachokitazama kwanza wanapoingia. Hawakutaja bei, kwa sababu bei imebandikwa ukutani. Walisema wanatazama kioo cha mizani kimeelekezwa upande gani wa meza.